Alibaki kwa Ajili ya Nani

Ukuta wa sebuleni kwa Mzee Nyasi haukuwahi kutunza siri. Upande wa pili kulikuwa na chumba cha wachezaji cha kubadilishia nguo, na fundi aliyeujenga alikuwa amepunguza matofali, kwa hiyo yaliyosemwa kule yalifika huku yakiwa bado ya moto. Familia ile ilijua kocha yupi hulia akifungwa, kipa yupi anaogopa sindano, na nahodha yupi anaimba vibaya bafuni.

Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa akiimba alasiri hiyo. Mara akanyamaza. Wote wakanyamaza. Halafu yakaja makofi. Hayakuwa yale ya goli. Yalikuwa ya polepole, ya wanaume wanaopiga huku wakitazama sakafu.

"Wanamuaga," alisema Shangazi, sikio lake limegandana na ukuta.

"Toa sikio hapo, mtu mzima ovyo," Mzee Nyasi alimkemea kutoka kwenye kiti chake.

"Mimi ovyo, na wewe uliyezima redio ili usikie vizuri?"

Plasta alicheka, lakini hakuinua uso. Alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lake, anakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Kesho alikuwa na ndege. Alikuja kumwona baba yake, ambaye baada ya kuzitunza nyasi za uwanja ule maisha yake yote, alikuwa ameteleza juu ya nyasi hizo hizo, alizozimwagilia mwenyewe, akavunjika nyonga. Plasta alimfundisha kutembea upya, akamgombeza, akambembeleza, akamfichia fimbo kila alipoitegemea mno. Ndiyo kazi yake huko anakoishi: kuwanyoosha watu waliopinda. Jina lenyewe la Plasta alilipata utotoni, kwa kuwabandika wachezaji plasta kwenye ugoko, hata wale ambao hawakuumia.

"Hivi umeangalia mechi?" Shangazi alimuuliza, kwa ile sauti ya mtu anayeuliza jambo analolijua.

"Nilikuwa jikoni, nakaanga mayai."

"Mayai ya dakika tisini?"

"Shangazi."

"Nauliza tu. Mayai gani hayo, ya mbuni?"

Ukweli, msomaji, dirisha la jikoni la nyumba ile lilitazama pembe moja tu ya uwanja. Pembe ya beki wa kulia. Tangu alipokuwa msichana wa kusuka mabutu mawili kichwani, Plasta alikuwa akiona mpira kwa namna hiyo: kipindi kimoja Kitasa, beki huyo aliyekuja kuwa nahodha, yuko dirishani, anapiga kelele, anachafuka, anamnyang'anya mtu mpira kama anayechukua chake, kipindi cha pili timu zinabadilishana upande, na dirishani anabaki mgeni asiyemhusu. Nusu ya kila mechi alikuwa wake. Nusu nyingine alikuwa wa watu wa jukwaa la mbele, nao walimpenda sana, hasa wale wasichana wenye kofia.

Leo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Kipindi cha kwanza alikuwa upande wa dirisha. Mayai yakaungua.

"Hodi!"

Plasta aliitambua sauti kabla hata neno halijaisha. Akafunga sanduku kwa haraka, likabana ncha ya kidole chake, akameza maumivu.

"Karibu, mwanangu, karibu!" Mzee Nyasi alijaribu kuinuka.

"Kaa, Baba. Usijitie ujana," Plasta alisema.

Kitasa aliingia akiwa na nywele mbichi za maji na kandambili miguuni, fulana yake ya mwisho ameikunja mkononi. Mvi zilikuwa zimeanza kumwingia kwenye ndevu, na kumkaa vizuri kupita kiasi. Ndiye mtu aliyeingia klabu ile akiwa na sauti bado inapasuka, akatoka leo akiwa na goti linalotabiri mvua. Hakuwahi kuvaa rangi nyingine. Watu wengine wana kitambulisho. Yeye alikuwa na jezi namba mbili.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

Halafu akamgeukia Plasta, na salamu ikamwishia. Shangazi alitazama kushoto, akatazama kulia, akaona raha.

"Na huyu humsalimii? Au kwenye mpira mnasalimiana na wakubwa tu?"

"Hujambo," Kitasa alisema.

"Sijambo. Hongera kwa leo."

"Tumefungwa."

"Nimeona."

"Najua umeona. Nilikuona dirishani."

"Sasa wewe ulikuwa unacheza mpira au unatazama madirisha?"

"Unadhani lile goli liliingilia wapi?"

Shangazi aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. Plasta akatabasamu, akiwa hataki. Miaka yote ile, na bado huyu mtu aliweza kumchekesha kwa uso mkavu kama wa hakimu.

Chai ikamiminwa. Kitasa akaikunjua ile fulana, akaiweka kwenye mapaja ya Mzee Nyasi kwa mikono miwili.

"Hii ni yako, Mzee. Wewe ndiye uliyenilea juu ya zile nyasi."

Mzee Nyasi aliishika ile fulana kama anayeshika mtoto mchanga. Midomo ikamtetemeka. Na mzee huyu, akishikwa na kilio, huwa na dawa moja tu: kujisifu.

"Klabu moja!" alisema, akiinua kidole. "Tangu ndevu hazijaota mpaka zinaota mvi. Mnawaona hawa wa siku hizi? Leo hapa, kesho kule, wanabusu nembo asubuhi na jioni wanafungasha. Lakini huyu! Na mnajua nani alimbakisha?"

"Mzee, tunywe chai," Kitasa alisema haraka.

"Tunakunywa. Nani alimbakisha? Mimi!"

"Mzee, nakuomba."

"Unaniomba nini? Leo ndiyo siku yako, acha watu wajue!" Akamgeukia dada yake, kwa kuwa Shangazi ndiye hadhira bora nyumbani. "Wale wageni walipokuja kumtaka, wale wa ng'ambo wenye makoti marefu, huyu alinijia hapa hapa, akakaa pale alipokaa sasa. Anatetemeka! Akaniletea maombi mawili kwa mpigo. Kwanza, nimpe baraka aende kucheza kule. Pili, nimpe binti yangu amuoe, waende wote."

Kijiko cha Plasta kilisimama ndani ya kikombe.

"Nikamwambia, chagua. Klabu hii imekulea, imekutibu, imekulisha. Ukiweza kuiacha hii, binti yangu utamwacha kwenye kituo gani cha gari? Unamtaka? Basi nionyeshe kwanza kama unajua kubaki mahali." Mzee akapiga paja lake. "Kesho yake akawaambia wale watu hapana. Mbele ya viongozi! Akabaki! Mwanaume!"

Akacheka peke yake. Kicheko kikaenda, kikakosa mwenzake, kikarudi.

Shangazi akaweka kikombe chini, taratibu sana. Kitasa alikuwa anatazama kandambili zake.

"Baba," Plasta aliita. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyotisha. "Hayo yalikuwa lini?"

"Si mwaka ule ulipoondoka?"

"Kabla sijaondoka?"

"Kabla kidogo."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia nini? Ulikuwa unatembea umenuna siku nzima, ukiulizwa chumvi iko wapi unajibu kama umetukanwa. Nikasema ngoja, kijana amebaki, atamwambia mwenyewe, atamposa, mambo yataisha. Wewe ukapanda ndege!"

Plasta alisimama. Alipita jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akatoka.

Kwa wale wasioijua nyumba ile: mlango wa jikoni ulifunguka moja kwa moja pembeni mwa uwanja. Watazamaji walikuwa wameshaondoka. Kulibaki karatasi, chupa tupu, na mfagiaji mmoja kule mbali anayevuta gunia. Plasta alitembea hadi kwenye benchi la wachezaji wa akiba, akakaa, akajikumbatia. Nyuma yake akasikia kandambili: pa, pa, pa. Mguu mmoja ulikuwa mzito kuliko mwenzake.

"Naweza kukaa?" Kitasa aliuliza.

"Benchi la klabu yako."

Akakaa, akiacha nafasi ya mtu mzima mmoja kati yao. Akaupapasa ubao wake.

"Kumbe ni gumu hivi. Sikuwahi kulikalia."

"Usinichekeshe, tafadhali. Nina hasira, sitaki ziharibike."

"Basi."

Wakakaa. Mfagiaji akavuta gunia lake, akatokomea nyuma ya jukwaa.

"Ni kweli aliyoyasema?" Plasta aliuliza.

"Kweli."

"Yote?"

"Kuhusu kutetemeka ametia chumvi. Lakini yote."

"Unaikumbuka siku ile uliyokuja kuniambia umewakataa?"

"Ulikuwa unaanika mashuka."

"Nilikuuliza kwa nini. Ukanijibu nini?"

Kitasa akasugua viganja vyake.

"Nilikwambia siwezi kuiacha klabu hii."

"Hivyo hivyo. Neno kwa neno. Nilisimama na shuka mkononi, nikakungojea uongeze kitu. Ungesema chochote. Ungesema hata, 'na wewe pia.' Ukanisaidia kubana shuka na vibanio, ukaenda mazoezini."

"Nilidhani utafurahi. Nilidhani utasema, vizuri, tutabaki wote."

"Kwa nini hukunieleza habari ya Baba?"

"Ningekwambia, ungegombana naye. Nakujua. Ungemkatia maneno mpaka leo msingesalimiana. Tena..." Akasita. "Tena nilitaka unichague mwenyewe. Nilitaka ubaki kwa kuwa unanitaka, si kwa kuwa nimelipia kubaki kwako. Nikasema, akikaa, siku ya harusi nitamwambia, tucheke."

"Tucheke," Plasta alirudia.

"Ndiyo nilivyofikiri. Mimi ni beki. Nimefundishwa kusimama pale nilipowekwa na kungoja mtu aje. Anayekuja, nakutana naye. Wewe hukuja, ulikwenda."

Plasta alijipangusa pua kwa mgongo wa mkono, kama mtoto. Alikuwa na jambo lake, na lilikuwa limekaa kifuani miaka mingi bila kulipa pango. Akalitoa.

"Wale watu wa makoti marefu. Mji wao ule."

"Enhe."

"Chuo nilichokwenda kusoma kiko wapi?"

Kitasa akageuza kichwa polepole.

"Kiko mji ule ule," Plasta alisema. "Niliomba nafasi siku niliposikia wanakutaka. Nikapata. Nikawa nanyamaza, nataka nije nikushangaze. Nilipanga nikwambie utakaposema unakwenda. Niseme, 'Wewe unaenda? Ajabu, na mimi naenda huko huko, hebu nibebee sanduku.' Nilikuwa nimeshaifanyia mazoezi hata sura ya kusemea."

Kitasa akainuka. Akatembea hadi kwenye mstari wa chokaa, akasimama akimpa mgongo, mikono kiunoni, namna anavyosimama beki aliyefungwa goli kwa kosa lake. Mabega yakapanda, yakashuka. Plasta hakumfuata. Aliujua mgongo ule kwa dirisha. Alijua ukisimama hivyo haupendi kuguswa.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu, na hakujitahidi kuyaficha.

"Watu wananiita mwaminifu," alisema. "Leo wamesema kwenye kipaza sauti. Mtu wa klabu. Mtangazaji analia, wazee wanalia. Mimi nimesimama pale nasema moyoni, jamani, mimi nilibaki kwa ajili ya msichana wa mtunza nyasi, na msichana mwenyewe akapanda ndege. Kisha nikaona aibu kuondoka. Ningeondokaje? Kila mtu alishanipa jina."

"Miaka yote hii nilidhani kuna mwenzangu," Plasta alisema. "Nilidhani nashindana na klabu, na imenishinda. Nimeichukia rangi ile mpaka nguo yake sivai. Kumbe nilikuwa nashindana na mimi mwenyewe."

"Na umejifunga."

"Wote tumejifunga. Tena goli la kizembe."

Wakacheka, kile kicheko kifupi cha watu walio msibani. Kilipoisha, nafasi kati yao kwenye benchi ilikuwa imepungua, na hakuna aliyeonekana kusogea.

"Wamenipa kazi," Kitasa alisema. "Kuwafundisha vijana. Sijawajibu. Niliposikia umekuja kumuuguza Mzee, nikasema ngoja. Nimechoka kungoja, lakini nikasema ngoja hii moja." Akavuta pumzi. "Nikuulize kitu, usinijibu kwa utani?"

"Uliza."

"Nikisema nakuja huko? Sina klabu sasa. Sina kambi, sina mazoezi ya alfajiri. Nitakuwa mzee wa kawaida tu mwenye goti bovu. Nije?"

Hayo ndiyo maneno ambayo msichana mmoja aliyasubiri akiwa na shuka bichi mikononi. Yalikuja mazuri vile vile, hayakupungua hata tone. Moyo wa Plasta ulipiga hatua moja mbele kabla hajauwahi. Akaukamata.

"Nimechumbiwa," alisema.

Kitasa aliitikia kwa kichwa, mara kadhaa, kama anayesikiliza maelekezo ya kocha.

"Hawakuniambia."

"Nilimwomba Baba asitangaze. Nilitaka nikwambie mwenyewe. Wiki nzima nimekuwa nakupangia maneno, kila nikiyapanga yanaanguka."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mpima ardhi. Alifiwa na mke. Mzuri mpaka anakera. Ukimkasirikia anakuletea maji ya kunywa."

"Unampenda?"

Plasta alifikiri kwanza. Alimheshimu mtu huyu kiasi cha kutompa jibu la haraka.

"Nampenda kwa utulivu. Si kama..." Akakata. "Lakini nampenda. Na ana binti. Mdogo, meno ya mbele ndiyo yanang'oka. Mama yake alitoka asubuhi kwenda kazini kama kawaida, hakurudi, ajali ya gari. Sasa mtoto yule, kila nikifungua mlango kutoka, lazima aje aniulize, 'Utarudi?' Hata nikienda kununua mkate. Nikisema nitarudi, ndipo anaachia nguo yangu. Siku nilipokuja huku alinishika hapa." Akashika kiuno cha gauni lake. "Akaniuliza. Nikamwambia nitarudi."

Kule ndani, bomba la bafu lilikuwa bado linatiririka. Mtu alikuwa amesahau kulifunga. Plasta alitazama mikono ya Kitasa ikikunja na kukunjua vidole, akajua kuna maneno anayazuia mlangoni, moja baada ya jingine, kwa ule ufundi uliompa jina.

"Angekuwa huyo mchumba peke yake," Kitasa alisema hatimaye, "ningegombana naye. Nisingeona haya. Ningekuja kule nikasimama mlangoni kwake na goti langu hili."

"Najua."

"Lakini mtoto siwezi kumkaba."

"Hapana."

"Basi rudi."

"Usiniambie kirahisi hivyo!" Plasta alipandisha sauti, mwenyewe akashtuka. "Niambie nibaki. Hata mara moja. Nitakataa, lakini niambie. Mwaka ule hukuniambia, na leo tena huniambii?"

Kitasa akamgeukia. Uso wote, macho yote. Hapo ndipo Plasta alipokumbuka kwa nini alikuwa akiunguza mayai.

"Baki," alisema.

Lilikuwa neno dogo. Plasta akainama, akaficha uso, akalia bila sauti, na mkono wa Kitasa ukaja mgongoni kwake ukatulia hapo, mzito, wa moto, haujui kupapasa.

"Siwezi," alisema ndani ya viganja vyake.

"Najua. Umetaka niseme, nimesema."

"Asante."

"Na mimi pia nilitaka kulisema. Limekaa sana."

Plasta alipoinua uso, macho yake yalikutana na goti la Kitasa, na mazoea ya kazi yakamwokoa. Akapangusa machozi kwa mkono wa gauni.

"Hilo goti limevimba."

"Limeanza kipindi cha pili."

"Na wewe ukaendelea kucheza, mkaidi. Lete hapa."

Alilipokea goti lile mapajani mwake, akalibonyeza pembeni kwa vidole gumba, akilipima, akilikunja na kulinyoosha. Hakuwa anatibu kitu. Goti lile lilihitaji barafu na mapumziko, yeye alijua, na mgonjwa alijua. Lakini mikono iliendelea. Kitasa alifumba macho. Kwa yeyote aliyepita mbali, ilikuwa ni mtaalamu na mchezaji wake, basi. Vitu vingi mno duniani vinaonekana hivyo kwa wanaopita mbali.

"Mwanangu."

Mzee Nyasi alikuwa mlangoni mwa jikoni, fimbo mkono mmoja, ile fulana mkono mwingine. Hakuwa na kofia. Bila kofia alionekana mdogo. Nyuma yake Shangazi alikuwa amejifunika mdomo kwa upande wa kanga.

"Mwanangu, dada yangu amenieleza habari ya chuo. Anasema ulimwambia kipindi kile, ukamwapisha asiseme." Sauti ya mzee ilikwaruza. "Kumbe ungekwenda naye huko huko. Kumbe msingeachana. Mimi nilidhani namlinda binti yangu. Nimeharibu?"

Swali lilisimama pale uwanjani, halina pa kukaa. Plasta alimtazama mtu aliyembeba mabegani kuzunguka uwanja ule, akimwonyesha majani ya kung'oa na majani ya kuacha. Maneno makali yalikuwepo, yamejipanga. Kitasa akatikisa kichwa, kidogo sana, kwake yeye tu.

"Ingia ndani, Baba," Plasta alisema. "Umesimamia mguu mbaya. Utaniumiza mimi."

"Nijibu."

"Nakuja kukukanda. Ingia."

Mzee akasubiri kidogo, labda akitumaini kuna zaidi. Akageuka. Fimbo ikasikika kwenye sakafu ya jikoni, ikaenda, ikafifia. Kama ulishawahi kutaka kusamehe na kuadhibu kwa wakati mmoja, unajua jinsi Plasta alivyojisikia.

"Utamsamehe," Kitasa alisema.

"Nitamsamehe. Lakini si leo. Leo nataka nimkasirikie kidogo, hata kama ni kimyakimya."

"Haya."

Kutoka upande wa jukwaa kuu, mtu aliita: "Nahodha! Nahodha, picha! Tunakungoja wewe!" Sauti nyingine zikadakia, za utani, za vijana waliooga na kuvaa.

"Wanakuita," Plasta alisema, akalishusha goti mapajani kwake polepole.

"Nasikia."

Wakasimama. Walikuwa karibu kiasi kwamba Plasta aliona uzi uliolegea kwenye kola ya Kitasa. Alitamani kuukata kwa meno, kazi ya mke. Akaweka mikono nyuma.

"Utawafundisha wale vijana?"

"Ndiyo. Si kwa kuona aibu, safari hii. Nadhani napenda. Kuna mmoja mbishi kama wewe."

"Mfundishe kusema."

"Nitamfundisha kusema kwanza, mpira baadaye."

"Nahodha!" waliita tena.

"Nina ombi," Plasta alisema. "Mwaka ule mimi ndiye niliyekwenda, na kila usiku niliona mgongo wangu mwenyewe unaondoka, kama vile nilikuwa nimekaa kwenye macho yako. Sitaki tena. Leo tangulia wewe. Nenda kapige picha yako, mimi nibaki nikuangalie. Tafadhali."

"Haya," Kitasa alisema.

"Usigeuke."

"Sigeuki."

Alimshika mkono, akaubana, akauachia. Akageuka kuelekea jukwaa kuu. Akapiga hatua, na nyingine, akafika kwenye mstari wa chokaa. Hapo akasimama. Plasta alimwona akiinua mguu, ule mzima, na kuurudisha pale pale. Mabega yalianza kutikisika. Vijana waliita kwa mara nyingine, kisha nao wakaona, wakanyamaza.

"Nenda," Plasta alinong'ona.

"Sijui inavyofanywa," alijibu bila kugeuka.

Na kweli hakujua. Maisha yake yote alikuwa amejifunza kila kitu mtu anachoweza kujifunza juu ya kusimama. Plasta alingoja, akampa muda wote aliokuwa nao, hata ule wa ziada. Kisha akajifuta uso, akapita mbele yake ili angalau asiondoke kisirisiri nyuma ya mgongo wake, akamtazama machoni mara moja, akaelekea kwenye mlango wa jikoni.

Ikabidi aondoke yeye. Tena.